Majani ya barabarani hayanyolewi kipara

Pita barabara yoyote ya mjini mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha, uangalie pembeni mahali ambapo kufyeka kumekamilika juzi. Mara nyingi hukuti majani. Unakuta udongo mtupu, vishina vikavu vya ukoka, na vumbi linalopanda kila daladala inapopita. Halmashauri imelipia kazi hiyo, na itaendelea kuilipia. Vuli ikifika itazibua mtaro uliojaa mchanga, itang'oa magugu yaliyoota palipobaki wazi, kisha itanunua ukoka wa kupanda upya. Sehemu kubwa ya gharama hizo inaanzia kwenye kimo cha mkato, jambo ambalo mikataba mingi ya usafi hailitaji hata kwa mstari mmoja.

Jani ndilo jiko la mmea. Ukikata zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, mizizi inaacha kukua ili akiba iliyopo itumike kuchipusha majani mapya. Ukirudia hivyo kila mwezi, mizizi inakuwa mifupi, na kiangazi kikiingia haifikii tena unyevu ulio chini. Ukoka haufi upesi kwa sababu una mashina yanayotambaa ndani ya udongo, lakini unafufuka polepole. Wakati huo mwanga unapiga udongo moja kwa moja, na mbegu za mbigili na gugu karoti zilizokuwa zimelala kivulini zinaamka.

Kwa pembezoni mwa barabara mimi nashikilia sentimita 8 baada ya kukata, na kukata tena yakifika 12. Bustani ambako watu wanakaa inaweza kushuka hadi 4 au 5 ikiwa ni ukoka, lakini nyasi za paspalamu zenye jani pana zisishuke chini ya 6. Wakati wa masika bustani inahitaji mkato kila baada ya wiki mbili, barabarani wiki tatu hadi nne. Mkato wa mwisho wa masika uwe juu kwa sentimita 2 zaidi, ili majani yaingie kiangazi yakiwa na kivuli chake yenyewe. Baada ya hapo, kama mvua hakuna, waache wapumzike hao vijana wa mashine. Kufyeka majani ambayo hayajakua ni kuchoma petroli bure.

Na kama umekuta yamefika sentimita 30? Usiyashushe siku hiyohiyo. Shusha hadi 20, baada ya wiki hadi 13, kisha 8 au 9. Ni safari tatu na zinagharimu, lakini ni nafuu kuliko kupanda upya.

Fyekeo la mkono haliwezi kutunza kimo hicho, kwa sababu mtu anayefyeka akiwa amesimama lazima ncha iguse chini. Mashine ya begani inaweza, mradi mkanda ufungwe vizuri hadi kichwa cha mashine kining'inie sambamba na ardhi bila mkono kukibeba. Kila kikosi kiwe na kijiti chenye alama ya sentimita 8, na msimamizi akichomeke chini kila hatua ishirini. Mafuta yachanganywe kwenye dumu, si ndani ya tangi la mashine: petroli lita 5 kwa oili ya tu-stroki mililita 100, isipokuwa kitabu cha mashine kiseme vinginevyo, maana zipo zinazotaka mililita 200. Oili ikipungua pistoni inakwama; ikizidi, plagi inajaa masizi na mashine inazimika kila dakika. Diski ya chuma ni ya vichaka tu. Palipo na magari na wapita njia tumia uzi wa naileni, na mtu yeyote asiwe ndani ya mita 15, kwa kuwa kokoto moja inatosha kupasua kioo cha gari au kumtoa mtu jicho.

Kabla ya mashine kuwashwa, takataka ziokotwe. Mifuko ya plastiki imepungua tangu katazo la Juni 2019, lakini chupa za maji bado zipo tele. Uzi ukipiga chupa unaigeuza vipande vingi vidogo ambavyo hakuna reki itakayovikusanya, na mvua ya kwanza inavipeleka mtaroni.

Uzi huohuo unaua miti. Chakula cha mti kinapita kwenye tabaka la ndani ya gome, na mche mchanga gome lake ni jembamba. Ukichunwa kuuzunguka wote, umekufa, ila hautakufa leo. Utanyauka baada ya wiki kadhaa na watu watasema ni ukame. Ndiyo sababu unakuta safu nzima ya miti iliyopandwa kwa sherehe imekauka huku kila mche una kidonda cheupe kwenye kifundo. Palilia kwa mkono duara la nusu mita kutoka shinani, tandaza humo majani yaliyokatwa kwa unene wa sentimita 5 hadi 7, na uache nafasi ya upana wa kiganja kati ya matandazo na shina ili gome lisioze. Majani mengine mafupi yaache palepale yaoze, ni mbolea. Marefu yazolewe, na kamwe yasisukumwe mtaroni, kwa sababu yanafika kwenye kalavati na kukamata kila kitu kinachofuata.

Sasa mabega ya barabara, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Majani yanakamata vumbi na mchanga unaotoka barabarani. Mwaka hadi mwaka udongo wa pembeni unapanda, hadi unakuwa juu kuliko lami. Mvua ikinyesha maji hayatoki. Yanasimama kwenye ukingo wa lami, yanapenya chini yake, na magurudumu ya malori yanaumega ukingo huo kipande kwa kipande. Watu wanalaumu lami, kumbe maji yamekosa njia. Udongo wa pembeni unatakiwa uwe chini ya ukingo wa lami kwa sentimita 3 hadi 5, na ushuke kuelekea mtaroni kwa sentimita 4 au 5 kila mita moja. Njia rahisi ya kupima ni kumwaga ndoo ya maji kwenye ukingo na kutazama yanakoelekea. Palipopanda, toa ukoka kwa sepetu vipande vipande, punguza udongo wa chini, kisha rudisha vipande na uvikanyage. Kama nguvu kazi haitoshi, kata angalau vijia vya maji vyenye upana wa jembe kila mita 10. Udongo uliotolewa upakiwe uondoke, usirundikwe kandokando ya mtaro.

Kazi hiyo inagusa mamlaka zaidi ya moja. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na mitaa chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, na halmashauri inabaki na usafi, bustani na maeneo ya wazi. Kikosi cha bustani kisiguse mabega kabla mhandisi husika hajaandikiwa.

Mapengo yazibwe mvua zinapoanza, si zinapokwisha. Dar es Salaam ina nafasi mbili, Machi na Oktoba. Dodoma ina moja tu, mwishoni mwa mwaka. Chimbua sentimita 15, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita 4 za mraba, panda vipande vya ukoka vyenye vifundo vitatu kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20, yaani vipande 25 kwa mita ya mraba. Vifundo viwili viwe ardhini na kimoja nje. Mwezi mmoja baadaye weka mbolea ya CAN gramu 15 kwa mita ya mraba, sawa na kilo 15 kwa mita 1,000 za mraba, na umwagilie siku hiyohiyo isiunguze majani. Ndago usiipige jembe ukidhani umeimaliza: vitunguu vyake vinabaki chini na kila kimoja kinachipua. Chimba kwa uma wa bustani, uvitoe. Gugu karoti ling'olewe kwa glavu kabla halijatoa maua, kwa sababu linawasha ngozi, na likishakomaa mashine inasambaza mbegu zake mji mzima.

Kuhusu kumwagilia, fanya hesabu kwanza. Ukoka uliokwisha kushika unahitaji takriban lita 20 kwa mita ya mraba kwa wiki. Boza la lita 10,000 linatosha mita 500 za mraba tu. Kwa hiyo maji yaende kwenye miche, bustani na kipilefti, na majani ya barabarani yaachwe yawe ya kahawia. Kahawia hiyo si kifo. Ukoka umelala, na mvua ikinyesha utakuwa kijani ndani ya siku chache. Kiongozi anayeona rangi hiyo ni uchafu na kuagiza "pasafishwe" ndiye anayezalisha vumbi la mwezi wa nane.

Mkataba unaomlipa mzabuni kwa idadi ya mizunguko unamshawishi akwangue chini kabisa, ili mzunguko unaofuata uwe mwepesi. Andikeni badala yake hali inayotakiwa: majani yasiwe chini ya sentimita 7 wala juu ya 15 siku yoyote ya masika, yasizidi 30 kiangazi, na kwenye makutano na vivuko vya wanafunzi yasizidi 20 mwaka mzima ili dereva amwone mtoto. Afisa mazingira na mtendaji wa kata wapime pointi kumi kwa kila kilomita, wakichagua wenyewe mahali, na malipo yapungue kwa asilimia 10 kwa kila pointi iliyo nje ya kipimo. Pointi yenye udongo mtupu ihesabiwe mara mbili.