Kusoma namba ya mpigaji kutoka data ghafi ya modemu

Katika ofisi na nyumba za wageni za Mji Mkongwe ambako simu ya mezani bado inatumika, huwa naombwa kuiunganisha laini na kompyuta ya mapokezi ili namba ya mpigaji ionekane kabla mtu hajainua mkonga. Modemu (kifaa kinachogeuza sauti za laini ya simu kuwa data ya kompyuta) nyingi zenye uwezo huo hukubali amri AT+VCID=1, inayotoa tarehe, saa, namba na jina vikiwa vimeshapangwa. Mimi hutumia AT+VCID=2, inayotoa baiti zote kama zilivyopokelewa, kwa sababu nataka programu yenyewe iuhakiki ujumbe kabla ya kumwonyesha mtu chochote.

Kwa utaratibu wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu ya Marekani, ujumbe hupita kati ya mlio wa kwanza na wa pili, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Sauti ya hezi 1200 ni biti 1 na ya hezi 2200 ni biti 0, wanaofuata V.23, kiwango cha kimataifa cha modemu, hutumia hezi 1300 na 2100. Sauti hizo hushughulikiwa na modemu, na programu hupokea tarakimu za heksadesimali tu (hesabu ya msingi wa 16, yaani 0 hadi 9 kisha A hadi F, kila mbili zikiwa baiti moja), kama katika mfano huu nilioutunga:

800D0108303531343130343204015084

Baiti ya kwanza, 80, inaonyesha kwamba ujumbe una vifungu, kila kimoja kikiwa na aina yake na urefu wake. Ingekuwa 04, tarehe, saa na namba zingefuatana moja kwa moja bila alama ya kuzitenganisha. 0D ni urefu, yaani baiti 13 zinazofuata, bila kuhesabu ile ya mwisho. Kisha 01 ni kifungu cha tarehe na saa, na 08 ni urefu wake. Kwa kuwa 30 hadi 39 ni tarakimu 0 hadi 9 za ASCII (msimbo wa herufi wa kompyuta), tunapata 05141042, yaani mwezi, siku, saa na dakika. Kifungu cha 04 hueleza kwa nini namba haipo: 50 ni herufi P, maana yake mpigaji ameificha, herufi O ingemaanisha kwamba haikupatikana. Namba yenyewe huja katika kifungu cha 02, na ya mezani ya Zanzibar, ikitumwa kamili, huanza na 30 32 34, yaani 024. Jina huja katika 07. Programu ikikuta aina isiyoijua, iruke kwa kufuata urefu uliotajwa na iendelee na kifungu kinachofuata. Anayesoma kwa kuhesabu nafasi tangu mwanzo wa ujumbe atapotea mara tu kifungu kimoja kitakapoongezeka.

Baiti ya mwisho, 84, ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Jumlisha baiti zote pamoja nayo, utapata 768, ambayo hugawanyika kwa 256 bila baki. Baki ikitokea, ujumbe umeharibika na usitumike. Kwetu hili si jambo la nadharia, kwani hewa ya chumvi hula maungio ya nyaya za shaba na laini huanza kukwaruza. Tarakimu 4 ni 34 na tarakimu 5 ni 35, tofauti yao ni biti moja, kwa hiyo kosa dogo kabisa hutoa namba inayoonekana nzuri lakini ni ya mtu mwingine, na mhudumu atampigia asiyehusika. Jumla hiyo hulikamata kila kosa la biti moja. Makosa mawili yanaweza kufidiana, ndiyo maana nakagua pia kwamba urefu wa vifungu unalingana na urefu wa ujumbe, na kwamba namba haina kitu nje ya 30 hadi 39.

Tarehe inahitaji uangalifu wake. Mwezi hutangulia siku, hivyo 0605 ni tarehe 5 Juni, ingawa sisi tungeisoma 6 Mei. Mwaka haumo kabisa, kwa hiyo programu huuchukua kwenye saa ya kompyuta, na ujumbe wenye 1231 ukishughulikiwa baada ya usiku wa manane wa kuamkia Januari, lazima upewe mwaka uliopita. Saa nazo ni za mfumo wa 24: 1042 ya mfano wetu naiandika kwenye skrini kuwa saa 4:42 asubuhi, kama mhudumu wa mapokezi anavyoisoma saa yake.