Maskini wa vijiji vya Uingereza: yanayosemwa na yaliyomo madaftarini

Dhana: Waliishi kwa sadaka za kanisa.

Waliishi zaidi kwa kodi. Sheria ya 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliagiza kila parokia, yaani eneo la kanisa lililoendesha pia mambo ya serikali ya mtaa, iwe na wasimamizi wa maskini, watoze kodi watu waliokalia nyumba na ardhi, kisha wawasaidie wazee, yatima na wasiojiweza. Sadaka nazo zilikuwepo, ila zilikuwa na hesabu zake. Tajiri aliacha shamba liwe wakfu, na pato lake likanunua mikate, makaa au nguo kila mwaka. Majina ya wafadhili hao bado yanasomeka kwenye mbao ndani ya makanisa mengi. Mara nyingi wakfu uliwalenga wale tu wasiopokea fedha za kodi. Kwa hiyo anayetafuta habari za ukoo wake asiishie kwenye daftari moja, la kodi au la wakfu.

Dhana: Wote walifungiwa kwenye nyumba za kazi.

Nyumba ya kazi ilikuwa makao ambamo maskini walipewa chakula na malazi, nao wakatakiwa kufanya kazi. Dhana hii imewafuta watu wengi mno kwenye historia. Madaftari ya parokia ya kabla ya 1834 yamejaa misaada iliyowafuata watu majumbani: shilingi chache za kila wiki kwa mjane, viatu vya mtoto, pango la nyumba, kuni, malipo ya mkunga, jeneza na sanda. Mwaka 1795 mkate ulipopanda bei, mahakimu wa Berkshire walikutana Speenhamland wakaamua kibarua aongezewe kipato kulingana na bei ya mkate na ukubwa wa familia yake. Ni sheria mpya ya maskini ya 1834 iliyokusudia nyumba ya kazi iogopwe, na ikaogopwa kweli. Katika nyumba ya kazi ya mji wa Andover, mwaka 1845, ilifichuka kwamba watu waliopewa kazi ya kuponda mifupa iwe mbolea walikuwa wakiing'ata kwa njaa. Hata hivyo, baada ya 1834 pia, wengi wa waliosaidiwa walisaidiwa wakiwa kwao.

Dhana: Mwenye shida alisaidiwa popote alipo.

La. Kwa sheria ya 1662, mgeni aliyehofiwa kuwa mzigo aliweza kurudishwa kwenye parokia iliyotambuliwa kisheria kuwa yake, hata akiwa mjamzito. Kwanza alihojiwa mbele ya mahakimu: ulizaliwa wapi, ulimtumikia nani, kwa muda gani? Kwa vibarua wengi, karatasi hiyo ndiyo habari pekee ya maisha yao iliyobaki.

Dhana: Maskini walipokea na kunyamaza.

Someni barua zilizohifadhiwa Essex. Ziliandikwa na watu waliohamia London na kwingineko, wengine wakiandika maneno jinsi walivyoyasikia, wakiziomba parokia zao pesa za pango au matibabu. Na baadhi yao waliongeza onyo: msipotuma, tunarudi sote, watoto na wazee, na hapo gharama yetu itakuwa kubwa zaidi.