Hazina ya Dansi Inakaa Katika Miili: Namna Kikundi Kinavyotunza Kazi Zake

Kazi yangu ni kusimamia mazoezi katika kikundi cha dansi ya kisasa, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini kikundi ambacho kimetungiwa dansi nyingi kwa miaka yote hiyo huonyesha chache tu katika msimu mmoja. Mwulizaji huwa ameona orodha ya kazi zetu, ameipenda dansi fulani aliyoitazama zamani, na anashangaa kwamba hairudi jukwaani. Jibu langu huanzia kwenye tofauti iliyopo kati ya orodha na hazina. Orodha ni majina, tarehe na picha. Hazina, kwa maana tunayoitumia sisi tulio ndani ya kazi hii, ni zile dansi ambazo nikiingia chumba cha mazoezi kesho asubuhi nitawakuta watu wanaoweza kuzicheza, au angalau kuzifundisha. Dansi iliyomo katika orodha lakini haina mtu anayeibeba mwilini iko karibu kupotea, hata kama kabati limejaa kanda zake.

Mpiga piano ana nota mbele yake, na mwigizaji ana maandishi ya mchezo anayoweza kuyasoma peke yake usiku kabla ya mazoezi. Dansi nayo ina maandishi yake: mtaalamu wa dansi Rudolf Laban alitangaza mfumo wake wa kuandika miondoko mwaka 1928, na tangu mwaka 1940 ipo ofisi jijini New York, Dance Notation Bureau, inayohifadhi dansi zilizoandikwa kwa mfumo huo. Ninauheshimu sana mfumo huo, kwa sababu unaweza kueleza uzito uko mguu gani na kiwiliwili kimeelekea wapi kwa usahihi ambao maneno hayaufikii. Hata hivyo wachezaji wanaoweza kuusoma ni wachache, na kuandika dansi nzima ni kazi ndefu na ya gharama. Kwa hiyo dansi nyingi hupokezanwa mtu kwa mtu: aliyecheza anasimama mbele, anayejifunza anasimama nyuma yake, na kinachopita kati yao ni hatua, hesabu, pumzi na maneno machache kama “hapa subiri, usimwahi mwenzako.”

Video imetusaidia, lakini imetuletea hatari ambayo niliielewa kwa kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa jukumu la kurudisha dansi ya watu watatu iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kuchezwa. Tulikuwa na kanda moja tu, iliyorekodiwa gizani kutoka nyuma ya ukumbi. Katika kanda hiyo mmoja wa wachezaji, akitoka kona ya nyuma kwenda kumpokea mwenzake anayeruka, alipita kwa kuzunguka, kana kwamba kulikuwa na nguzo katikati ya jukwaa. Niliufundisha mzunguko huo kwa uangalifu wote. Mchezaji wetu alichelewa kila mara: ilimpasa awe chini ya mwenzake kwenye hesabu ya sita, naye alifika kwenye ya saba, na mimi nikawa nikimwambia aongeze kasi. Tulipokaribia onyesho alikuja mchezaji wa kwanza wa nafasi ile, akatazama mara moja, akauliza mzunguko ule umetoka wapi. Usiku wa kurekodiwa, mkanda wa vazi la mwenzake ulikuwa umedondoka jukwaani, naye aliukwepa asije akateleza. Mkanda ulikuwa mweusi, na katika picha ile ya giza haukuonekana. Njia halisi ilikuwa mstari ulionyooka. Tulipoirudisha, mchezaji alifika kwenye hesabu ya sita bila haraka yoyote, na kwa mara ya kwanza nikaona kwa nini mtunzi alitaka mtu huyu atembee badala ya kukimbia: utulivu wa hatua zake ndio unaomfanya mtazamaji asitarajie mruko.

Tangu siku hiyo ninaichukulia kanda kama ushahidi wa usiku mmoja. Inaonyesha kilichotokea, lakini haisemi kipi kilikusudiwa.

Ndiyo maana dansi zinazodumu vizuri ni zile ambazo hazijapumzishwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Revelations ya mtunzi wa dansi wa Marekani Alvin Ailey, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza jijini New York mwezi Januari 1960. Mwanzoni ilikuwa ndefu, zaidi ya saa moja. Ikapunguzwa na kupangwa upya, na kwa umbo inalochezwa nalo leo inachukua kama dakika 36. Kikundi cha Ailey kimeendelea kuicheza kwa zaidi ya miaka 60, mara nyingi ikiwa kazi ya kufunga usiku, na kwa hiyo mchezaji mpya hufundishwa na mtu aliyeicheza juzi. Wapo wanaolalamika kwamba dansi moja isipewe nafasi kubwa hivyo kila msimu. Ninaelewa hoja yao, kwani kila dakika inayopewa kazi ya zamani haipewi kazi mpya, lakini upokezanaji usiokatika una thamani ambayo kumbukumbu za kabatini haziwezi kuilipa.

Ailey huyo huyo alituachia mfano wa ugumu mwingine, yaani dansi ya mtu mmoja iliyotungwa juu ya mwili wa mtu fulani. Cry, ya mwaka 1971, aliitunga iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa ya mama yake, na mchezaji wake wa kwanza alikuwa Judith Jamison, mwanamke mrefu mwenye mikono mirefu. Ina urefu wa kama dakika 16, na katika sehemu ya kwanza mchezaji hushika kitambaa kirefu cheupe ambacho mara ni kilemba, mara ni tambara la kupigia deki. Mchezaji mfupi anayerithi dansi ya namna hii afanye nini? Akifuata umbo la nje, mkono wake hautafika ulipofika mkono wa wa kwanza. Mimi humwambia arithi juhudi, si umbo: ajue mkono unavutwa na nini, mgongo unakataa nini, kisha auache mwili wake utafute urefu wake wenyewe. Ailey alipofariki mwaka 1989, Jamison ndiye aliyeshika uongozi wa kikundi, na kwa hiyo dansi iliyotungwa juu ya mwili wake ikawa inalindwa na mwenye mwili ule.

Si miili peke yake inayobeba dansi. Katika Lamentation, dansi ya mtunzi wa Marekani Martha Graham, ya mwaka 1930, mchezaji amekaa kwenye benchi karibu muda wote, akiwa ndani ya vazi la kitambaa kinachovutika lililoshonwa kama mfuko, linaloacha wazi uso, viganja na nyayo. Kila anaposukuma goti au kiwiko, kitambaa huchora mstari wa mshazari kutoka bega hadi mguuni, na mtazamaji huuona mvutano wenyewe kuliko mwili ulio ndani. Kitambaa kikivutika kupita kiasi, mchezaji hukosa kitu cha kushindana nacho, mistari hulegea, na huzuni hugeuka maigizo. Fundi wa maleba, kwa hiyo, ni mtunza hazina sawa na mimi.

Sheria nayo ina sauti. Graham alifariki mwaka 1991, ukazuka mgogoro kuhusu nani anamiliki dansi zake, na mwaka 2002 mahakama jijini New York iliamua kwamba nyingi ni mali ya taasisi aliyoianzisha, kwa sehemu kubwa kwa sababu alizitunga akiwa mwajiriwa wake. Kwa watunzi wengi hilo lilikuwa somo zito: jambo linalopaswa kuandikwa katika mkataba lisiachwe liamuliwe na warithi na mawakili.

Merce Cunningham, mtunzi mwingine wa Marekani, alichukua njia tofauti na akaipanga mapema. Alifariki mwezi Julai 2009. Kikundi chake kikafanya ziara ya kuaga ya miaka miwili, kikacheza mara ya mwisho tarehe 31 Desemba 2011, kisha kikafungwa. Dansi zake ziliandaliwa mafungu ya kumbukumbu, yenye video, maelezo ya taa, maleba na muziki, ili vikundi vingine viweze kuomba kibali cha kuzicheza. Ni mpango wa heshima, lakini kwa muda mrefu uliniacha na mashaka. Kikundi kinachofanya mazoezi ya aina moja kila asubuhi kwa miaka hupata namna moja ya kusimama na kugeuza mgongo, na niliamini kwamba wageni waliopewa majuma machache watapata hatua bila kupata uzito wake.

Kilichonilazimisha kulainisha imani hiyo ni dansi ya The Rite of Spring ya mtunzi wa Kijerumani Pina Bausch. Aliitunga Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1975, na jukwaa lake hufunikwa udongo wa mboji ambao huingia vidoleni, hushika miguu na kugandamana na jasho, kiasi kwamba uchovu wa wachezaji hauhitaji kuigizwa. Zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, dansi hiyo ilifundishwa kwa wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa ushirikiano na École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Senegal. Wengi wao hawakulelewa katika mazoezi ya Wuppertal, lakini walifundishwa na watu waliowahi kuicheza dansi hiyo chini ya Bausch mwenyewe, na walipewa muda. Nilipotazama rekodi ya mazoezi yao ya mwisho ufukweni, mchangani, niliona woga wa wanawake wanapolikwepa vazi jekundu la atakayetolewa kafara, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kunakili woga wa mtu mwingine. Leo ninaposhauri kuhusu kibali cha dansi kwenda kwa kikundi kingine, ninauliza maswali mawili: nani atafundisha, na kwa siku ngapi.

Maswali hayo ndiyo yanayoamua pia kipi kinaingia katika msimu wetu. Usiku wa kawaida una dansi tatu, na uongozi hutazama muziki, idadi ya wachezaji, miguu itakayochoka na mafundi watakaobadilisha sakafu wakati wa mapumziko. Mimi hutazama jambo moja zaidi, yaani dansi ambayo mbebaji wake wa mwisho anakaribia kustaafu. Hiyo ninaiombea nafasi hata kama haipendwi sana, kwa kuwa dansi inayopendwa itarudi msimu wowote, ilhali hii ikikosa nafasi mwaka huu itabaki kanda.

Dansi inapoondoka jukwaani siku hizi, ninakaa na kila mchezaji na kumwomba aeleze kwa maneno yake mambo ambayo kamera haiyaoni: anavuta pumzi wapi, anamtazama nani, anasikiliza ala gani ili ajue muda umefika. Mwezi ujao tunaanza kurudisha dansi ya wanawake wanne ambayo mimi sijawahi kuicheza. Kanda yake ipo na ni safi. Wawili kati ya wale wanne wa mwanzo wamekubali kuja, na nimeomba tufanye nao juma zima la kwanza kabla mtu yeyote hajaifungua kanda hiyo.