Mwingiliano wa jeni na hewa chafu katika saratani: maana yake

Mwingiliano huu ni hali ambapo madhara ya hewa chafu hutegemea jeni inazozikuta mwilini, na madhara ya jeni nayo hutegemea hewa ambayo mtu anavuta. Si kujumlisha hatari mbili tu, maana moja huikuza nyingine.

Mwaka 2013, IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliiweka hewa chafu ya nje katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani. Kinachoogopwa zaidi ni PM2.5, vumbi laini lenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele una unene wa mikromita 70 hivi, kwa hiyo vumbi hilo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu.

Moshi unaweza kuharibu DNA moja kwa moja. Hubeba benzopairini, kemikali itokanayo na vitu vinavyoungua, ambayo vimeng'enya vya mwili wenyewe huigeuza kuwa kemikali inayonata kwenye DNA. Jeni ya GSTM1 hutengeneza kimeng'enya kinachosaidia kuondoa sumu za namna hiyo, na watu wengi wamezaliwa bila jeni hiyo kabisa.

Ila kilichonibadilisha mawazo ni utafiti wa Charles Swanton na wenzake wa Taasisi ya Francis Crick, London, uliochapishwa mwaka 2023. Walichunguza sampuli 295 za mapafu yasiyo na saratani, na katika asilimia 18 wakakuta kasoro za jeni ya EGFR, jeni ambayo kasoro zake huonekana sana kwenye saratani ya mapafu ya wasiovuta sigara. Seli hizo zilikuwa zimetulia tu. Vumbi likiingia, seli za kinga zinazomeza uchafu hutoa interlukini-1 beta, protini ya kuchochea kinga, na ishara hiyo huziamsha seli zenye kasoro zianze kuzaana. Panya waliowekewa kasoro hiyo waliota uvimbe mwingi zaidi walipovutishwa vumbi. Protini ilipozuiwa kwa dawa, uvimbe ukapungua.

Kwa hiyo hewa chafu wakati mwingine haitengenezi kasoro, inaikuta.

Na kasoro hizi tusizichanganye na urithi. Kwa kawaida hizi za EGFR hutokea baada ya kuzaliwa, katika seli chache za pafu, kadiri umri unavyosonga. Anayesema "kwetu hakuna saratani" anaweza kuwa nazo pia.