Stepney hakuwa balozi: maana ya mjumbe katika Ujerumani ya karne ya 17

Katika maandishi ya Kiswahili kuhusu historia ya Ulaya, kila mtu aliyepata kutumwa na mfalme mmoja kwa mwingine huitwa balozi. Juzi nimemsikia tena mhadhiri akimtaja "Balozi George Stepney", yule Mwingereza aliyehamishwa huku na huko kati ya majumba ya watawala wa Kijerumani katika miaka ya 1690, na nimeona suala hili lisiachwe likapita. Stepney hakupata kuwa balozi hata siku moja. Alikuwa mjumbe, na tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kazi yake ilikosa utulivu.

Maana yenyewe ni fupi. Kwa desturi ya wakati huo, balozi alihesabiwa kuwa nafsi ya mfalme wake mbele ya mwenyeji, kwa hiyo alipokewa kwa heshima za kifalme; mjumbe alikabidhiwa shughuli za mfalme bila kuibeba nafsi hiyo. Chini ya mjumbe walikuwapo wakala na katibu. Kinga walikuwa nayo wote, kwani mjumbe hauawi, lakini heshima haikuwa moja, wala posho: chini ya Mfalme William III wa Uingereza balozi alipangiwa pauni 10 kwa siku, na mjumbe maalumu pauni 5.

Kinachotupotosha, nadhani, ni historia ya neno letu wenyewe. Asili ya "balozi" ni neno la Kilatini lililomaanisha mchukuzi wa mizigo, yaani hamali. Watu wa Venice walilifanya "bailo", wakampa cheo hicho mwakilishi wao wa Constantinople, mji mkuu wa Waturuki, ambaye aliwasimamia wafanyabiashara wao, akawaamulia kesi, na papo hapo akazungumza na Sultani kwa niaba ya jamhuri. Waturuki wakalitamka "balyos", na huko Iraki na Ghuba Waarabu wakamwita kwa jina hilo mwakilishi wa Waingereza. Lilipofika pwani yetu lilimhusu konsuli, yaani mwakilishi wa dola anayewasimamia raia na wafanyabiashara wake ugenini, na hivyo ndivyo kamusi za karne ya 19 zinavyolifafanua. Hamerton, aliyefika Zanzibar mwaka 1841 kuiwakilisha Uingereza, alikuwa balozi kwa maana hiyo ya zamani. Baadaye neno likapandishwa daraja, na konsuli akabaki kuwa "balozi mdogo". Kwa kuwa neno hili limekwisha kuwabeba watu wa madaraja mbalimbali, msomaji wetu haoni ubaya kumvika yeyote.

Kijerumani nacho kina mtego wake. Balozi huitwa Botschafter, neno lililojengwa juu ya "ujumbe", na mjumbe huitwa Gesandter, yaani "aliyetumwa". Anayetafsiri kwa kufuata mzizi wa neno atamwita wa kwanza mjumbe, kisha atakosa jina la kumpa wa pili. Hapa ni lazima kuifuata daraja, si mzizi.

Kwa nini basi Uingereza haikumtuma Stepney akiwa balozi? Dola Takatifu la Kirumi, lililozikusanya nchi za Kijerumani, lilikuwa na mamia ya watawala chini ya Kaizari, na waliotukuka zaidi miongoni mwao walikuwa wale wachache wenye kura ya kumchagua Kaizari, kama wa Saxony, Brandenburg, Mainz na Cologne. Hao walitaka kuheshimiwa kama wafalme. Katika mkutano wa amani wa Nijmegen, Uholanzi, ulioanza mwaka 1676, walidai wawakilishi wao wapewe heshima za balozi, na wakuu wengine wa Kijerumani wasio na kura wakaona nao wanastahili, hata mwanafalsafa Leibniz akaandika kitabu kizima mwaka 1677 kuitetea haki hiyo. Kumpeleka balozi Berlin, kwa mtawala wa Brandenburg, au Dresden, kwa yule wa Saxony, kungekuwa kukiri kwamba mtawala wa huko ni sawa na mfalme. Kumpeleka mjumbe kuliliacha swali hilo bila jibu, nao wafalme walipenda libaki hivyo. Mtawala wa Brandenburg alilimaliza kwa upande wake kwa kujivika taji la ufalme mwezi Januari 1701.

Stepney aliishi ndani ya swali hilo. Alianza kama katibu. Mwaka 1692 akapewa dhamana ya Brandenburg, mwaka 1693 akapelekwa kwa Kaizari, mwaka 1694 Saxony, mwaka 1696 Mainz, Cologne na mkutano wa Frankfurt, mwaka 1698 Brandenburg tena. Ilikuwa wakati wa vita dhidi ya Louis XIV wa Ufaransa, vilivyoisha mwaka 1697, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwashikilia watawala hao wasiuache muungano. Kila mahali hati zake za utambulisho zilimfunga kwa mtu mmoja, si kwa nchi. Johann Georg IV wa Saxony alipofariki kwa ndui mwezi Aprili 1694, hati zilizoandikwa kwa jina lake zilikufa naye, na mdogo wake aliyemrithi alipaswa kuandikiwa nyingine. Ninamstahi mtu huyu kwa sababu hiyo hasa: alifanya kazi nzito bila kivuli cha cheo kikubwa, na tukimwita balozi tunampa kivuli ambacho hakuwa nacho.

Madaraja haya yalipangwa rasmi mwaka 1815 katika mkutano wa Vienna, na leo karibu kila dola humpeleka balozi kwa mwenzake, kubwa kwa dogo, ndiyo maana masikio yetu yamezoea neno moja. Kwa habari za leo hilo linatosha. Ila anayeandika juu ya Stepney na wenzake wa wakati ule, ninamwomba aandike "mjumbe", na pale alipokuwa katibu tu, aandike "katibu".