Figo Zikifeli, Upandikizaji wa Uloto Bado Unawezekana

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza uloto mwaka 2021, ndugu wa wagonjwa wa mailoma, saratani ya seli za damu zilizo ndani ya uloto, hutujia na swali lile lile: "Daktari, mgonjwa wetu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ndiyo basi tena?" Hapana. Figo kufeli peke yake hakumwondoi mtu kwenye orodha. Hatari huongezeka, ndiyo maana uamuzi ni wa jopo la madaktari.

Mara nyingi mailoma yenyewe ndiyo imeziharibu figo: protini inayomwagwa na seli zilizoasi huziba vijirija vyake. Diklofenaki humalizia kazi. Mgongo unauma miezi sita, mtu ananunua dukani tu, anatufikia kreatinini, taka ya damu inayopaswa kutolewa na figo, imeshapaa. Tumelisema hili mpaka tumechoka.

Ndugu wanaojitolea "kukatwa mfupa" ili watoe uloto wapumzike. Hakuna upasuaji, na kwa mailoma kwa kawaida seli shina, yaani seli mama zinazozaa damu, ni za mgonjwa mwenyewe. Huchomwa sindano za kuzitoa seli hizo kwenye uloto ziingie kwenye damu, siku nne au tano, kisha damu hupita kwenye mashine kwa saa kadhaa, seli zikachujwa, nyingine ikarudi mwilini. Tunataka angalau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito. Zikipungua, tunarudia kesho yake.

Kisha melfalani, dawa kali ya kuua seli za saratani. Kipimo cha kawaida ni miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Figo zikiwa zimefeli tunashusha hadi 140, maana vidonda vya mdomo na kuhara huwatesa zaidi wagonjwa hawa. Wakati dawa inaingia, mgonjwa humung'unya barafu. Wapo wanaoitema wakiogopa nimonia. Tafadhali, imung'unyeni.

Siku moja au mbili baadaye seli hurudishwa kwa dripu. Zikiwa ziligandishwa, chumba kitanuka kama kitunguu saumu. Ni dawa ya kuzihifadhi hiyo, msikimbilie kufungua madirisha.

Faili liwe na rufaa, ratiba ya kusafishwa damu pamoja na uzito mkavu (uzito maji ya ziada yakishatolewa), kipimo cha moyo, majibu ya VVU na ya homa ya ini B na C. Likipungua karatasi moja linarudishwa, na kitanda anapewa anayefuata. Mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioungwa kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu, usitolewe damu wala kupimwa presha, hata muuguzi akiwa na haraka.

Baadhi huachana na mashine ya kusafisha damu baada ya matibabu. Wengi huendelea nayo. Ndugu aliyekwisha kujitolea figo asubiri kwanza. Tutamwita saratani ikishatulia kwa muda wa kutosha.