Vidudu vyeupe kwenye tangi la maji ya chumvi: acheni kumwaga dawa kabla hamjajua ni nini

Wiki haipiti bila mtu kunitumia video ya usiku, kioo cha tangi kimejaa vidoti vyeupe vinarukaruka, na maneno ni yale yale: "Fundi, samaki wameingiliwa na madoa meupe, niweke dawa gani?" Wengine wanapiga simu dawa ishaingia, na hapo ndo nachoka kabisa.

Hao ni kopepodi jamani, vidudu vidogo vya jamii ya kamba. Kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, kikiwa kinaogelea kutafuta samaki hakifiki hata milimita 0.1, humuoni kwa macho, unachokiona ni chembe kama za chumvi kwenye ngozi na mapezi ya samaki basi. Kama unamwona anatembea kwenye kioo, huyo siye. Kopepodi ana kama milimita 1, mbele mnene nyuma kachongoka, anatulia kidogo halafu anaruka kwa kushtuka, na jike mara nyingi utamwona kabeba kifuko cha mayai, kimoja au viwili, huko nyuma. Anakula mwani na mabaki, na samaki wanamla yeye. Samaki anayeitwa mandarini, hao kopepodi ndo chakula chake, kwenye tangi lisilo nao anakonda mpaka anakufa huku umemwagia chakula cha pakti kila siku, halafu mtu anataka tuwaue!

Na dawa yenyewe mnayomwaga ni kopa, yaani shaba. Inatibu madoa meupe kweli, ila kwenye tangi la karantini, la pembeni, lenye samaki peke yao. Ukiimwaga tangi kubwa inaua kamba, konokono na matumbawe, tena mawe yanainyonya kwa hiyo kipimo kinashuka na samaki hajapona. Kama samaki ana madoa kweli, hamisha samaki wote karantini, tangi kubwa likae bila samaki siku 76, kimelea kikose pa kujishika.

Eti kopepodi wakiwepo maji ni machafu. Hapana, wanaongezeka kwa sababu kuna mwani wa kula, tangi jipya ndo kawaida yake, hasa kwa mnaochota maji baharini wenyewe. Una wasiwasi, pima naitreti, kemikali inayotokana na uchafu wa tangi.

Eti ni watoto wa kamba. Watoto wa kamba wanaelea majini, na wengi wanaishia kwenye pampu na midomo ya samaki. Huyo aliyejikunja, mwembamba kwa ubavu, anayekimbilia kwenye mawe ukimmulika ni amfipodi. Wale wanaoelea kwa kundi macho yametokeza ni misidi. Waache wote.

Wa kumwogopa ni mmoja, isopodi wa jamii ya Cirolana: macho makubwa, anaogelea kwa kasi amenyooka, usiku anang'ang'ania samaki. Huyo mtege kwa chupa yenye kipande cha kamba ndani.

Na hili nalisema kila siku: zima taa, subiri kama saa moja, mulika na tochi, kidudu unachokiona mnyonye kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mtoe kwenye kisahani cheupe, mwangalie kwa lenzi ya mara 10 uone anavyotembea. Hiyo ndo video ya kunitumia, sio ya tangi zima umesimama mlangoni.